Kasenga, Poste ya Samaki Kando ya Luapula

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya karibu na machimbo, wengi wenu mmekula samaki wa Kasenga tangu utoto. Mmemwona sokoni, mkavu, mweusi kwa moshi, amepangwa vizuri katika kikapu. Mmemnunua, mmempika, mmemla na bukari. Lakini mtu akiuliza, Kasenga ni wapi? mmoja ananyosha mkono upande wa jua kutoka, na mwingine anasema, Kule mtoni, kule kamio zinakotoka. Leo tutajifunza habari za poste ile: mahali ilipo, kwa sababu gani ilijengwa pale na si pengine, watu gani walikaa nayo, na namna gani samaki mmoja aliijaza franka na halafu akawa karibu kwisha. Habari hii inafaa kila kijiji kinachouza chakula kwa watu wa machimbo, hata kama kijiji hicho hakina mto.

MAHALI PAKE

Kasenga ni kiti cha territoire ya Kasenga katika jimbo la Haut-Katanga. Kutoka Lubumbashi, mji ulioitwa Élisabethville mpaka mwaka 1966, mtu anashika njia ya kaskazini na mashariki, anakwenda kilometre 200 na kidogo zaidi. Anapita pori la miombo, anapita vichuguu vikubwa kama nyumba, na udongo mwekundu. Halafu nchi inashuka. Hewa inakuwa nzito, joto linazidi, matete yanaonekana, na nyuma ya matete ni maji mapana. Huo ndio mto Luapula. Ng'ambo yake ni Zambia, iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini mpaka mwaka 1964. Ukigeuka kutazama upande wa magharibi, mbali kuna mlima mrefu wenye kichwa bapa: ni Kundelungu, ambao unapanda kupita metre 1.600.

Tazameni vizuri njia ya mto huu, maana inapindapinda. Maji yanatoka mashariki sana, katika mto Chambeshi, yanaingia katika ziwa na matope makubwa ya Bangweulu. Yakitoka pale yanaitwa Luapula. Kwanza yanakwenda kusini, halafu yanageuka magharibi, halafu yanapanda kaskazini, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na kurudi kwa njia nyingine. Pale Mambilima yanaanguka juu ya mawe kwa kelele. Waingereza walipaita Johnston Falls. Chini ya Mambilima maji yanatulia, na yanakwenda polepole mpaka ziwa Mweru, ambalo ukubwa wake ni kilometre 5.000 za mraba na zaidi. Toka ziwani yanatoka tena karibu na Pweto kwa jina la Luvua, yanakutana na Lualaba pale Ankoro, na mwisho yanapita Kinshasa na kuingia bahari. Maji yanayoosha miguu ya mvuvi wa Kasenga ni maji ya mto Kongo.

Sasa mtafahamu sababu ya poste. Kasenga iko chini ya Mambilima, si mbali. Mashua inayotoka ziwani inaweza kupanda mto bila taabu mpaka Kasenga. Ikisonga mbele zaidi inakutana na mawe. Na toka Kasenga kwenda machimbo, njia ya nchi kavu si ndefu sana. Basi pale ndipo mzigo unatoka majini na kupanda juu ya kamio. Mahali pa kubadilisha mzigo watu wanajenga soko, na penye soko Bula Matari anajenga ofisi, gereza na nyumba ya kodi. Wengine wanafikiri poste inaanza na bendera. Kwa kawaida inaanza na mzigo.

Jambo moja jingine la maji. Mvua za Katanga zinaanza mwezi wa 11 na zinakoma mwezi wa 4. Lakini Luapula haujai mara moja na mvua, kwa sababu matope ya Bangweulu yanayashika maji kama sifongo na kuyaachilia kidogo kidogo. Kwa hiyo mto unaendelea kupanda hata mvua zikiwa zimeanza kupungua, na uwanda wote wa pande mbili unafunikwa. Mgeni anaona hasara: mashamba yamezama, njia imekatika. Lakini samaki wengi wanazaa katika maji haya ya uwanda, yenye majani mengi na chakula, ambamo watoto wao wanaweza kujificha. Shikeni neno hili, tutalirudia.

WATU WA MTO

Wavuvi wa kwanza wanaokumbukwa pale wanaitwa Bashila, na mkubwa wao alikuwa Nkuba. Wazee wa mto wanasimulia kwamba Nkuba alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama yule akaenda kulia kwa Kazembe, mfalme wa Walunda waliotoka magharibi na kuvuka Luapula katika miaka ya 1740 au karibu yake. Kazembe akamwua Nkuba. Nachituti, kwa kumshukuru, akampa kikapu cha udongo na chungu cha maji: yaani nchi na ziwa. Hata hivyo Bashila waliendelea kuwa wenye maji. Walijua mahali pa kuvulia, walikuwa na maombi yao kwa mizimu, na mgeni aliyetaka kutega aliomba ruhusa kwao na kutoa sehemu ya samaki. Yeye ambaye anasema kwamba zamani mto haukuwa na sheria, hajauliza wazee.

Walunda walijua pia kulima. Wareno waliofika kwa Kazembe mwaka 1798, na wengine waliofika mwaka 1831, walikuta huko mashamba makubwa ya mihogo. Kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba mihogo ya Luapula ililetwa na Wabelgiji.

Katika miaka ya 1800 na zaidi ya nusu, mwana wa wafanya biashara wa Unyamwezi, jina lake Msiri, akaja kutafuta shaba na pembe, akakaa, akajifanya mfalme mkubwa pale Bunkeya, ng'ambo ya Kundelungu. Njia za watu wake na za Waswahili wa pwani zilipita katika nchi ya Luapula, na huko Kiswahili kikaanza kusikiwa. Livingstone naye alifika ziwa Mweru tarehe 8 ya mwezi wa 11, mwaka 1867. Msiri aliuawa kwa bunduki tarehe 20 ya mwezi wa 12, mwaka 1891, na mzungu wa safari ya Stairs.

Mwaka 1894 Waingereza na mfalme Leopold wa Ubelgiji wakapatana kwamba Luapula iwe mpaka. Hawakuuliza wale wenye nyumba pande mbili. Mtu alikuwa na mke upande huu na shamba la mama yake upande ule. Siku moja akaambiwa kwamba anavuka kutoka serikali moja kwenda nyingine. Lakini watu wa mto wana akili. Kodi ilipozidi upande mmoja, walipakia kuku na vyungu katika mitumbwi usiku, na asubuhi kapita akakuta nyumba tupu. Karibu na mwaka 1910 ugonjwa wa malale ukaingia bondeni, na kwa Waingereza vijiji vingi vya kando ya mto vilihamishwa mbali na maji. Watu wa maji kukaa mbali na maji, hayo ni mateso yasiyo madogo.

SHABA INATAKA CHAKULA

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli ikafika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata, 1911, shaba ya kwanza ikayeyushwa katika kiwanda cha Lubumbashi. Maelfu ya wanaume wakaacha vijiji vyao kwenda kuchimba. Mwanaume aliye ndani ya shimo halimi. Kampuni ilipaswa kumpa posho: unga, maharagwe, nyama au samaki, chumvi. Chakula kingine kilitoka mbali kwa reli, na bei yake ilikuwa kubwa. Bula Matari akatazama ramani, akasema: vijiji vya karibu vitalisha machimbo.

Kwa njia mbili vililisha. Njia ya kwanza ilikuwa amri. Tangu mwaka 1917 serikali iliweza kulazimisha kila kijiji kulima mimea iliyochaguliwa na wakubwa, na sheria ya mwaka 1933 ilisema kazi za namna hii zisipite siku 60 kwa mwaka. Asiyelima alilipa au alifungwa. Bwana agronome alipima shamba kwa kamba, akaandika katika kitabu. Unga ulitoka, ni kweli, lakini bei haikuchaguliwa na yule aliyelima, na wengi mpaka leo wanaposikia neno shamba la serikali wanakunja uso.

Njia ya pili ilikuwa biashara, nayo ndiyo iliyoikuza Kasenga. Watu wa Ugiriki, wengi wao wenyeji wa visiwa na wenye kuzoea bahari, walifika Luapula. Wakatengeneza mashua kubwa, wakatia mashine, wakashuka mpaka ziwani. Walinunua samaki kwa wavuvi wenyeji, na wao wenyewe pia wakavua. Samaki mbichi walipakiwa katika barafu, kamio ikasafiri usiku wakati wa baridi, na asubuhi walikuwa sokoni Élisabethville. Wengine walikaushwa juu ya moto kwa posho ya watu wa kazi. Vijana waliokuwa wanakwenda machimbo kutafuta kodi waliona kwamba wanaweza kuipata nyumbani, kwa wavu. Walinunua baiskeli, vitambaa, cherehani. Wakati wa vita ya 1940 mpaka 1945, shaba ilipohitajiwa sana, samaki nao walihitajiwa sana.

MPUMBU

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Samaki aliyeleta mali ile jina lake ni mpumbu. Ni samaki wa magamba, mwenye mdomo wa chini unaokwangua matope na ukoga. Kwa muda mwingi wa mwaka alikaa ziwani, ametawanyika, si rahisi kumpata kwa wingi. Lakini mvua zikishuka na mto ukianza kupanda, mpumbu wote waliokomaa walikusanyika na kupanda Luapula pamoja, jeshi zima, majike matumbo yamejaa mayai, kwenda kuzaa katika maji ya uwanda. Siku hizo mto ulikuwa kama umechemka. Mtu alitupa wavu na kuvuta mpaka mikono ikauma.

Fikirini hali ya mvuvi. Miezi mingine anatafuta samaki, mwezi huu samaki wanakuja mlangoni. Tena mpumbu mwenye mayai ni mnono, ana uzito, na mayai yenyewe yakikaushwa ni matamu na yanauzwa peke yake. Mnunuzi anangoja na kamio na barafu, na franka mkononi. Nani atasema, Acha, wapite? Wengine walifunga mto kwa nyavu toka ukingo mpaka katikati. Wengine walitega migono na nyua katika vijito ambamo samaki walitaka kuingia.

Tufanye hesabu. Hesabu hii ni ya kufundisha tu. Tuseme wavu mmoja usiku mmoja umeshika mpumbu 20, na katika hao 10 ni majike yenye mayai. Kila jike ana mayai maelfu na maelfu, lakini mengi yanaliwa na samaki wengine, ndege na jua. Tuseme katika mayai ya jike mmoja wanapona 5 tu mpaka kukomaa. Basi yule mvuvi asubuhi anahesabu samaki 20. Lakini waliotoka mtoni ni 20 na tena 50, ambao baada ya miaka michache wangepanda mto wao wenyewe. Wale 50 hakuna aliyewaona, hakuna aliyewapima kilo, hakuna aliyelipwa kwa ajili yao. Sasa zidisha kwa nyavu zote za pande mbili, kwa siku zote za mafuriko, kwa miaka kumi.

Mpumbu hawezi kujitetea na hesabu hiyo, kwa sababu ya tabia yake. Anazaa mara moja kwa mwaka, anamwaga mayai katika maji na kuyaacha. Akikamatwa kabla ya kumwaga, mwaka wote umekwenda bure. Tofauti naye ni samaki pale, yule mpana wa jamii ya tilapia: dume lake linachimba kiota katika mchanga, jike linazaa, na halafu linakusanya mayai ndani ya kinywa chake mpaka watoto waweze kuogelea. Anazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hapa na pale, si jeshi moja mahali pamoja. Ukimvua kwa nguvu atapungua, lakini wengine wamefichika.

Mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu walianza kukosekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ile safari kubwa ya mtoni ilikuwa imekwisha. Mashua zilibaki, barafu ilibaki, kamio zilibaki. Hapo wakaanza kutupiana makosa. Wenyeji walisema ni nyavu ndefu za wageni. Wageni walisema ni nyua za wenyeji. Upande wa Wabelgiji ulilaumu upande wa Waingereza, na upande wa Waingereza vilevile. Mto ulikuwa mmoja, serikali zilikuwa mbili, na samaki hakujua anazaa katika nchi ya nani. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa katika bei. Yule aliyelipa zaidi kwa tumbo lenye mayai kuliko kwa samaki mwembamba wa kiangazi, yeye ndiye aliyechagua mwezi wa kuvua, hata kama hakuwahi kulowesha mguu.

BAADA YA MPUMBU

Kasenga haikufa. Wavuvi waligeukia pale na samaki wengine wa ziwani, na nyavu za nailoni, ambazo haziozi upesi kama za pamba, ziliingia katika miaka ya 1950. Kisha mambo ya siasa yakaja. Katanga ilijitenga tarehe 11 ya mwezi wa 7, mwaka 1960, ikarudishwa mwanzoni mwa 1963. Tarehe 30 ya mwezi wa 11, mwaka 1973, rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe wananchi. Wagiriki waliobaki wakapoteza mali zao, na mashua nyingi zikakosa mtu wa kuzitunza. Katika miaka ya 1990 Gécamines, iliyorithi kazi ya Union Minière, ikaanguka, na mishahara ikakoma. Watu wengi wa mjini wakarudi kutafuta maisha katika jembe na wavu.

Tangu miaka ya 1970 na 1980 samaki mdogo sana anaitwa chisense ameshika nafasi kubwa ziwani. Anavuliwa usiku kwa taa, maana anafuata mwanga, na kwa wavu wa matundu madogo. Anakaushwa kwa jua juu ya mchanga, bila kuni. Biashara yake imeshikwa sana na wanawake, kwa sababu haihitaji mashua kubwa wala barafu. Gunia moja linatosha kuanza. Faida yake tena ni kwamba miti inapumzika: kukausha samaki wakubwa kwa moshi kumekula miti mingi ya kando ya mto. Lakini wavu wa taa ukivutwa karibu na ukingo, katika matete, unakokota pia watoto wa pale, na yule mama anayeanika chisense anaweza kuwaona kwa macho katika mafungu yake. Wavu huo ni wa maji ya kilindi, si wa ukingo.

Upande wa Zambia serikali hufunga uvuvi kila mwaka, toka tarehe 1 ya mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2. Ni miezi ya njaa, na kufunga bila chakula kingine ni maneno tu. Hapa mihogo inaonyesha thamani yake. Nyumba yenye shamba la mihogo la mwaka wa pili inaweza kuacha wavu ukutani miezi 3. Nyumba isiyo na shamba itavua usiku kwa siri, sheria iwe au isiwe. Mtu akitaka kulinda samaki, aanze kuhesabu mihogo. Miche iwe ya shina safi: majani yenye madoa ya manjano na kujikunja ni ugonjwa, na ukikata mche hapo unapanda ugonjwa wenyewe.

Kuna njia nyingine, nayo inafaa hata ninyi mlio mbali na Luapula. Katika miaka ya 1940 waliojaribu ufugaji wa samaki katika Katanga walichagua jamii ya pale, kwa sababu ya ile tabia ya kinywa: anazaa ndani ya kidimbwi bila kusafiri. Toka Kongo mbegu ya samaki hao ilipelekwa katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Tafuteni bonde lenye kijito kisichokauka mwezi wa 9 na wa 10, na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Chimbeni pembeni ya kijito, si ndani yake, maana mafuriko yatabeba kila kitu. Maji yawe kama nusu metre upande wa kuingilia, na metre 1 upande wa kutokea. Tieni matete au kikapu katika mdomo wa maji ili samaki wasitoke na wengine wabaya wasiingie. Chakula ni kile mnachotupa: pumba, mchwa, magimbi mabovu, na wale samaki wenye kula majani wanapenda majani ya mihogo. Msivue wote. Wakubwa wa kula, watolewe. Wazazi wazuri wa kubaki, warudishwe majini siku ileile.

MAULIZO

1. Kwa sababu gani poste ilijengwa Kasenga, na si juu ya Mambilima?

2. Mpumbu na pale wanatofautiana namna gani katika kuzaa?

3. Katika ile hesabu ya wavu mmoja, andikeni jumla kama majike yenye mayai yangekuwa 15.

4. Ulizeni wazee wa kijiji chenu: ni chakula gani walikiuzia machimbo zamani, mwezi gani, na kwa bei ya nani? Chakula hicho kingaliko?